Mama Mihuri na Anga Aliyoiacha Mezani

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutusindikiza leo, familia imenipa mimi, mdogo wake marehemu na wa mwisho kuzaliwa kwa mama yetu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na nimeikubali nikijua kwamba kuna jambo moja katika maisha hayo ambalo sitaweza kulieleza, kwa hiyo naona nianze nalo, msije mkadhani baadaye kwamba nimelisahau au nimelificha. Wengi wenu mna kadi yake nyumbani, ya harusi, ya mtoto kuzaliwa, ya kufaulu mtihani au ya kustaafu, na ukiitoa ukaitazama juu upande wa kulia, penye anga, utaona doa jeupe, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, mahali ambapo wino haukufika. Halikuwa kosa la mkono, maana lipo katika kila kadi aliyoiuza na lina umbo lilelile, si ndege, si jani, si mwezi, limepinda huku na kuchongoka kule, na lilitokana na kipande cha filamu ya eksirei alichokikata mwenyewe, alichokiweka juu ya karatasi kabla ya kupaka anga na kukiondoa anga ilipokauka.

Nilimwuliza maana yake mwaka nenda mwaka rudi, na kila mara alinipa jibu jipya, mara ni jino langu la kwanza, mara ni kiatu cha malaika aliyechelewa kazini, mara nikamwulize mwenye mfupa uliopigwa kwenye filamu ile. Mumewe, shemeji yangu aliyekaa hapa mbele, alishikilia na bado anashikilia kwamba ni upara wake ukitazamwa kutoka juu, kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisema ni ramani ya nchi atakayohamia siku moja, na mteja mmoja msumbufu aliyekuja kuagiza kadi za uhamisho wa bosi wake alisema ni uzembe, akajibiwa kwa upole kwamba uzembe huo hauna nyongeza ya bei. Kila mwamba ngoma huivutia kwake, nami nimezeeka bila kujua, na leo namsindikiza dada yangu bila kujua, wala sioni haya kulisema mbele yenu.

Jambo la pili mtakalolisikia hadi mwisho ni kazi aliyoiacha mezani ikiwa haijakamilika, na nani aliyestahili kuikamilisha, kwa sababu hilo ndilo lililotukalisha kikao tangu Jumatano, kuliko hata jeneza na kaburi.

Marehemu, ambaye mtaani na hata kwa wakwe zake alijulikana kwa jina moja tu la Mama Mihuri, alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Mei 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo ya mizigo ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa stoo hiyo na mkewe mshonaji. Baba yetu alikuwa na muhuri wa mpira wenye kishikio cha mbao, ulioandikwa IMEPOKELEWA, na kila furushi lililopita mikononi mwake liligongwa neno hilo kwa wino wa zambarau, na kwa kuwa hakuuamini ulimwengu alirudi nao nyumbani kila jioni ndani ya mfuko wa koti. Mwaka 1958 nilipozaliwa mimi, dada alimsikia mkunga akitangaza mlangoni kwamba mtoto amefika salama, akauchomoa muhuri kwenye koti la baba, akaingia chumbani kwa heshima zote, akanigonga IMEPOKELEWA kwenye unyayo wa kulia, na bibi yetu, aliyenisugua kwa sabuni mpaka nikalia kwa mara ya pili, alisema hadi anaingia kaburini kwamba mimi ndiye mtoto pekee aliyemwona akija duniani na stakabadhi.

Alianza shule ya msingi Januari 1960, shule iliyokuwa na madarasa manne na kengele ya chuma cha reli, na alikuwa mwanafunzi wa wastani katika hesabu, hodari katika kusoma, na msumbufu wa kimyakimya katika mengine yote. Akiwa darasa la sita alichonga kifutio kwa wembe wa kunyolea ndevu, akatoa sura ya mwalimu mkuu, pua na miwani vikiwa vimetimia, akaigonga kwa wino wa kalamu kwenye majalada ya madaftari ya darasa zima, na mwalimu mkuu alipoliona jalada la kwanza hakuhitaji kuambiwa ni nani. Baba aliitwa, akafika akiwa amevaa tai, tayari kuomba radhi, lakini mwalimu mkuu, ambaye Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutazama mara mbili kabla ya kukasirika, akakitaka kifutio kile, akakigonga mwenyewe kwenye kiganja chake, kisha akasema pua imekuzwa, ila miwani ni sahihi, na binti huyu atachonga nembo ya shule kwa ajili ya kadi za wanaohitimu. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, Novemba 1965, na kadi moja ya mwaka huo bado iko kwenye fremu katika ofisi ya shule ile.

Aliendelea na sekondari ya wasichana, akaimaliza mwaka 1970, na tarehe 2 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kitengo cha mihuri ya ofisi, chumba chembamba chenye dirisha moja na harufu ya mpira wa moto isiyotoka nguoni hata ufue mara ngapi. Huko alifundishwa na mzee aliyeitwa Fundi Miwani, ambaye alivaa miwani mbili kwa pamoja, moja puani na nyingine kwenye paji la uso, na ambaye alikuwa mkali kwa kazi na mpole kwa watu, wakati wengi wetu tunafanya kinyume chake. Walitengeneza mihuri ya IMELIPWA, ya NAKALA HALISI, ya HARAKA, na dada alipenda kusema kwamba nusu ya nchi ilisubiri mambo yake yagongwe muhuri alioukata yeye kwa mkono, na nusu nyingine ilikataliwa kwa muhuri huohuo.

Mabaki ya mpira na vipande vya karatasi ngumu vilivyokuwa vikitupwa jioni, Fundi Miwani alimruhusu kuvichukua, naye akaanza kuchonga vitu ambavyo hakuna ofisi iliyoviagiza, nyumba, mti, kuku na vifaranga, bibi na bwana harusi, akavigonga kwenye karatasi na kuwapa wenzake siku zao za furaha. Hapa naomba mnivumilie nieleze kidogo namna alivyofanya, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyotokea wiki hii. Mtu asiyejua angeanza na kilicho nyuma, apake anga, agonge miti, kisha awagonge maharusi juu yake, na matokeo yake ni yale yaliyompata mwenzake mmoja kiwandani, mti ukamtoka bwana harusi sikioni, na familia ya bibi harusi ikauliza kama huyo kijana ana ugonjwa. Dada alifanya kinyume, alianza na aliye mbele, akamgonga, akamfunika kwa karatasi iliyokatwa umbo lake hasa, karatasi aliyoiita kinga, kisha akagonga nyumba, na sehemu ya nyumba ikapita juu ya kinga bila kumgusa aliyefunikwa, akaifunika na nyumba, akagonga miti, na mwisho kabisa, vyote vikiwa vimelala chini ya kinga zao na meza ikionekana kama kitanda cha wagonjwa, alichukua sifongo akapaka anga juu ya kila kitu bila woga. Halafu alitoa kinga moja moja, na kila mmoja alisimama mahali pake, wa mbele mbele, wa nyuma nyuma, hakuna aliyemkanyaga mwenziwe. Nimesoma vitabu vingi katika maisha yangu kuhusu namna watu wanavyopaswa kuishi pamoja, na sijaona ukurasa ulioniridhisha kuliko meza ile.

Mwaka 1976 saa ya ukutani ya kiwanda ilisimama, akaitwa kijana fundi saa, mtu wa maneno machache na mikono isiyotetemeka, ambaye alipomaliza saa aliombwa atazame pia muhuri wa tarehe uliokwama kwenye mwezi wa Machi. Aliuchukua, akaurudisha baada ya siku tatu, ukakwama tena, akaurudisha tena, na safari ya nne Fundi Miwani alimvuta dada pembeni akamwambia kwamba ama kijana huyu hajui kazi, au anaijua sana. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, kadi zote za mwaliko zikiwa za mkono wa bibi harusi, na muhuri wa tarehe haukukwama tena mpaka kiwanda kilipofungwa. Baadaye, kwa karibu miaka arobaini, shemeji yangu alikaa upande mmoja wa chumba cha mbele akifungua saa, na dada upande wa pili akichonga mpira, redio katikati yao, na waliotaka kujua nani mkubwa wa nyumba hiyo waliambiwa na kila mmoja kwamba ni mwenzake.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Kifungua mimba, binti, alizaliwa mwaka 1978 na leo ni muuguzi, wa pili, mwanamume, alizaliwa mwaka 1981 na ni fundi umeme, na kitinda mimba, binti tena, alizaliwa mwaka 1987, naye ndiye aliyerithi jicho la mama yake, kiasi kwamba akiwa na miaka minne alitazama kadi dukani akasema huyo mama kwenye picha ana mikono miwili ya kushoto, na ilikuwa kweli.

Mwaka 1985 dada aliacha kazi kiwandani, akafungua karakana yake katika chumba kile cha mbele, kati ya duka la dawa na gereji, na kuanzia hapo sifa zake nyingine mnazijua ninyi kuliko mimi. Mnajua kwamba hakuna harusi ya mtaa huu iliyokosa mkono wake, kwamba hospitali ya wilaya iliagiza kwake kadi za kuwapongeza akina mama waliojifungua na kila mama alipewa yenye rangi aliyoichagua mwenyewe kitandani, kwamba kampuni kubwa ilipoleta kadi za mashine zenye kumetameta watu walizinunua msimu mmoja kisha wakarudi mlangoni kwake wakijifanya wanapita tu. Hakuwasema, aliwauliza habari za watoto. Aliwafundisha kazi watu wengi, na wanne kati yao wana karakana zao, wako hapa leo, mmeona wenyewe mikono yao ilivyo na wino, hawakuinawa kwa makusudi, na familia imeipokea heshima hiyo. Alikuwa na ulimi pia, tusimfanye malaika kwa sababu amelala, mteja aliyetaka bibi harusi apunguzwe unene kwenye kadi aliambiwa kwamba mpira unachongwa, mtu hachongwi. Na alikuwa na kiburi cha kazi, ambacho mimi sikioni kuwa dhambi, maana alikuwa nacho kazini tu, akivua aproni anakiacha kwenye msumari pamoja nayo.

Sasa nifike mwaka 2009, na nalisema hili kwa ruhusa ya mwenyewe aliyehusika. Shule moja iliagiza kadi za kuwaaga wanafunzi wake, mbele nyumba yenye mlango wazi na miti miwili, ndani patupu mpaka maneno yatakapogongwa mwishoni, na kazi ilipobaki anga peke yake dada aliitwa kwenda kumwuguza binamu yetu, akaiacha mikononi mwa kitinda mimba, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili na aliyekuwa akifanya kazi naye tangu amalize shule. Binti aliweka filamu kwa mazoea, akapaka anga vizuri, safi, ya buluu inayofifia kuelekea chini kama mama yake alivyoipenda, akatoa kinga, akaona yale madoa meupe. Alikuwa ameyaona tangu utotoni, lakini mwaka huo, akiwa mtu mzima mwenye jicho lake, aliyaona kama wateja wengine walivyoyaona, kama pengo, akafikiri kwamba mama amezoea kosa lake la zamani mpaka halioni tena, na kwamba zawadi nzuri kuliko zote ni kulirekebisha bila kumwaibisha. Akachukua sifongo, akayajaza yote, kadi baada ya kadi, kwa ustadi ambao mimi nimeutafuta kwa kioo cha kukuza cha shemeji na sikuona mshono.

Mama yake alirudi, akaweka mkoba chini, akainamia meza, akasema umepaka vizuri. Ni hayo tu. Asubuhi alitoa karatasi mpya, akagonga nyumba, akagonga miti, akaanza upya kazi yote mwenyewe, akaacha doa mahali pake, na zile kadi zilizojazwa akazifunga ndani ya boksi akaziweka juu ya kabati. Hakumgombeza mtoto, hakumweleza, na mtoto, kama alivyotuambia juzi, aliona afadhali angepigwa. Miezi michache baadaye alihamia mji mwingine, akaajiriwa katika kampuni ya matangazo yenye mashine kubwa, na kwa miaka kumi na sita alikuja nyumbani kila alipopata likizo, akala, akacheka, akamsuka mama yake nywele, lakini hakukaa tena kwenye meza ile, alipoingia chumba cha mbele alisimama mlangoni, kama mgeni anayesubiri kukaribishwa, na mama yake, ambaye hakujua kukaribisha mtu kwake mwenyewe, hakumkaribisha. Sitaki kusema nani alikosea, nimewapenda wote wawili, na nimeona watu wawili wenye haki wakikaa kimya kwa muda mrefu kuliko watu wawili wenye makosa.

Kuanzia Agosti 2021 dada alianza kuchoka upesi na kuvimba miguu, madaktari wakagundua kwamba moyo wake umepanuka, jambo ambalo mumewe alisema angeweza kuwaambia bila vipimo. Alitibiwa kwa miaka mitatu na nusu, akiingia na kutoka hospitalini, akifanya kazi siku alizoweza, akiwa amekalia mto na miguu juu ya boksi la karatasi. Mwanzoni mwa mwezi huu alipokea kazi ya kadi za harusi ya binti wa mtaa wa pili, akawagonga maharusi, akawafunika, akagonga nyumba, akaifunika, akagonga miti, akaifunika, na Jumapili, akiwa amebakiza anga, alisema anahisi baridi. Tulimpeleka hospitali ya wilaya, akalazwa, na Jumatatu jioni alimwita kifungua mimba karibu, yule muuguzi, akamwambia kwa sauti ndogo, "Kinga zisitolewe mpaka anga iishe." Binti alidhani ni homa inayosema, akamjibu ndiyo mama, akamfunika vizuri. Dada yetu alifariki Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mumewe akiwa amemshika mkono.

Niwashukuru hapa, kabla sijafika mwisho, kwa sababu nikifika mwisho huenda sauti isinitoshe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomtunza kama mama yao na ambao kila mmoja wao ana kadi yenye jina lake, majirani waliotufungulia milango na kutuletea viti, mwenye gereji aliyezima mashine zake siku nne bila kuombwa, kinyozi aliyefunga duka, wenzake wa zamani wa kiwandani, ambao wamebaki wachache na wamekuja wote, na wanafunzi wake waliomchimbia kaburi kwa mikono yao. Salamu zenu zote zimepokelewa.

Sasa kikao. Jumatano asubuhi alikuja mama wa bibi harusi, akalia nasi, akasema kadi tusijali, ataandika mialiko kwa kalamu, akaondoka. Mwanawe, yule fundi umeme, alisema huo ni uungwana na tuupokee, meza isafishwe, kazi ya mama ikomee alipokomea, kifungua mimba akasema mama hakuwahi kurudisha kazi ya mtu, ndipo akayakumbuka maneno ya Jumatatu akatusimulia, na chumba kizima kikageuka kumtazama kitinda mimba, ambaye alikuwa amesimama palepale mlangoni. Wote tulijua, hata wale wanafunzi wanne walisema bila kuulizwa, kwamba anga ya Mama Mihuri kuna mkono mmoja tu mwingine uliowahi kuipaka ikawa yake. Yeye akakataa. Alisema aliwahi kuaminiwa anga ile mara moja, na matokeo yake kila mtu anayajua, na mama mwenyewe hakuyasahau, maana kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa, alimtumia kadi moja kutoka boksi lile la juu ya kabati. "Kila mwaka ananikumbusha," alisema. "Nitapaka vipi anga ya mtu aliyenikumbusha miaka kumi na tano?"

Dada yake aliinuka akaenda kwenye mkoba wake wa kazini, akatoa kadi aliyopewa na mama siku yake ya kuzaliwa, nyumba, mlango wazi, miti miwili, anga imejaa. Kitinda mimba aliitazama, akauliza umeipata wapi hii, maana aliutambua mkono wake. Fundi umeme akatoka nje, akarudi na yake aliyokuwa ameibandika ndani ya kifuniko cha boksi la vifaa, anga imejaa. Mimi nilikuwa na yangu ndani ya kitabu, naitumia kuweka alama ninapoishia, na nilikuwa nimegundua zamani kwamba kadi zangu za miaka hii hazina doa, nikadhani dada amechoka na maswali yangu akaamua kuliondoa ili ninyamaze. Tulizipanga mezani zote tulizokuwa nazo, na kila moja ilitoka boksi lilelile. Ndipo shemeji yangu, ambaye huzungumza kama mtu anayelipia neno, alisema, "Wateja aliwapa zake. Ninyi aliwapa za huyu. Nilidhani mnajua."

Akaulizwa kwa nini basi hakusema miaka yote hiyo, akajibu kwamba hakuna aliyemwuliza, na kwamba yeye ni fundi saa, hafungui kisichomlalamikia. Hakusema mkewe alimaanisha nini, wala mimi sitaweka maneno kinywani mwa marehemu, amewahi kunijibu mwenyewe akiwa hai na sikupata jibu. Nasema tu kile tulichokiona mezani. Kitinda mimba alilia pale, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, kisha akauliza aproni iko wapi, ilhali aliiona, iko kwenye msumari uleule.

Ikaamuliwa hivi. Kazi itakamilishwa, na kitinda mimba ndiye atakayeikamilisha. Kuhusu doa palikuwa na maoni mawili, fundi umeme akisema sasa lijazwe, maana mama mwenyewe ameonyesha, na baba yao akasema bibi harusi aliagiza kadi za Mama Mihuri, apewe kadi za Mama Mihuri, na hilo likapita. Alhamisi mchana, dirisha likiwa wazi na wanafunzi wanne wamesimama ukutani, binti alikaa kwenye kiti cha mama yake, akaweka kile kipande cha filamu mahali pake kwenye kila kadi, akapaka anga juu ya kila kitu bila woga, na ilipokauka baba yake, mwenye mikono isiyotetemeka, alizitoa kinga moja moja kwa kibano cha saa. Hakuna mti uliomtoka mtu sikioni. Fundi umeme alizipeleka mwenyewe kwa mama wa bibi harusi, akarudi akakaa nasi.

Karatasi moja ilizidi. Binti aligonga juu yake ile nyumba yenye mlango wazi na miti miwili, akaifunika, akapaka anga yote, bila kuweka filamu, mpaka pembeni kabisa. Jana Ijumaa, kabla jeneza halijafungwa, aliiweka mikononi mwa mama yake yeye mwenyewe. Kipande cha filamu kiko kwenye droo ya meza, na Jumatatu karakana inafunguliwa, naye ndiye mwenye ufunguo.

Dada, anga imeisha, kinga tumezitoa. Lala kwa amani.